Kumbukumbu za Kikao Maalum cha Kamati ya Bwawa la Chemelet Kuhusu Mita ya Spidi ya Pikipiki ya Maji

KIKAO KILIFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 JUNI 2025, KATIKA BANDA LA KITUO CHA KUNUNULIA CHAI, UKINGO WA BWAWA, MERIGI

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Noah Kiptum, Mwenyekiti (hadi KUMB. NA. 4)
2. Bw. Bernard Kipkurui, Naibu Mwenyekiti
3. Bi. Moureen Chepchirchir, Katibu
4. Bi. Monicah Nyaberi, mwanakamati na karani wa kituo cha chai (Kaimu Mwenyekiti kuanzia KUMB. NA. 5)
5. Bi. Janeffer Chepkemboi, mwakilishi wa wachumaji chai wa ng'ambo ya bwawa
6. Bw. Gordon Ojwang, mwendeshaji wa pikipiki ya maji (amesimamishwa kazi tangu tarehe 10 Mei)

ALIYETUMA UDHURU
Bw. Kipsang, Mweka Hazina. Alikuwa Kipkelion kwa posa ya mpwa wake.

MWALIKWA
Bw. Bogonko Momanyi, fundi wa pikipiki, soko la Merigi

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilianza saa nane na dakika ishirini mchana, baada ya mvua kupungua kiasi cha watu kusikilizana chini ya mabati. Bi. Monicah aliomba kwa niaba ya wote. Mwenyekiti aliwakaribisha wanachama na kueleza kwamba kikao kimeitwa kwa jambo moja tu, nalo ni pikipiki ya maji.

Kwa faida ya mwalikwa, Mwenyekiti alieleza historia kwa ufupi. Baada ya watu wawili kuzama mwaka 2023, wanachama walichanga wakanunua pikipiki ya maji iliyotumika, kutoka kwa mtu mmoja wa Kisumu, ili isindikize chelezo la mapipa linalovusha wachumaji wa ng'ambo na majani yao. Bw. Ojwang, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai kwa miaka thelathini na mmoja na aliyekulia ziwani, alichaguliwa kuiendesha. Sheria ya kamati ni kwamba pikipiki isizidi kilomita kumi na tano kwa saa ikiwa karibu na chelezo, na kwamba mtu yeyote asiyekuwa mwendeshaji asiiguse.

Tarehe 6 Mei wimbi la pikipiki hiyo liliinua chelezo upande mmoja. Bi. Janeffer alianguka majini na kikapu chake mgongoni, akavunjika mkono wa kushoto kwenye kifundo. Bw. Ojwang ndiye aliyeruka akamtoa. Kikao cha tarehe 10 Mei kilimsimamisha kazi kwa kosa la kwenda kasi.

Mwenyekiti alisoma barua ya ofisi ya maji inayosema kwamba ikifika tarehe 30 Juni bila mita ya spidi inayofanya kazi na bila mwendeshaji aliyekubaliwa na kamati, chelezo litafungwa. Bi. Janeffer alikumbusha kwamba maana yake ni wachumaji wa ng'ambo kuzunguka kilomita tisa kwa miguu na majani mgongoni, na kwamba wanne kati yao ni wajawazito.

KUMB. NA. 2/06/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA TAREHE 10 MEI

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba "Bw. Ojwang alikiri kwenda kwa kasi", Bw. Ojwang aliinua mkono.

Alisema hakukiri. Alisema siku ile aliulizwa mara tatu alikuwa anaenda kasi gani, na mara tatu alijibu kwamba mita ilisoma kumi na mbili. Aliongeza kwamba aliomba mita ikaguliwe na ombi hilo haoni limeandikwa popote.

Naibu Mwenyekiti, Bw. Kipkurui, alisema kumbukumbu zilishasambazwa na hakuna aliyelalamika kwa mwezi mzima, kwa hiyo zithibitishwe kikao kiendelee. Bw. Ojwang alijibu kwamba nakala yake hakuletewa. Alisema alizisoma zikiwa zimebandikwa kwenye mlango wa kanisa.

Mwenyekiti alimwuliza Katibu hali ilivyokuwa. Katibu alieleza kwamba katika daftari lake la siku ile neno "alikiri" halimo. Alikuwa ameandika "alisema mita ilisoma 12". Wakati wa kuandika nakala safi, Bw. Kipkurui alimshauri kwamba mtu akisema jambo ambalo haliwezekani ni sawa na kukiri, naye akakubali. Ombi la kukagua mita aliliacha kwa sababu ukurasa ulikuwa unaisha. Katibu aliomba radhi kwa Bw. Ojwang na kwa kamati.

Bw. Kipkurui alisema alitoa ushauri tu, hakumshika Katibu mkono.

 Bw. Ojwang alisema tangu karatasi ile ibandikwe, watu wa benchi lake kanisani wamekuwa wakihama mmoja mmoja, na mke wake Loice ameacha kwenda mazoezi ya kwaya. Kisha alisema:

"Kusimamishwa kazi naweza kuvumilia. Lakini sikusema uongo, na imeandikwa nilisema."

Iliamuliwa kwamba neno "alikiri" lifutwe, ombi la kukagua mita liingizwe, na nakala iliyosahihishwa ibandikwe mahali palepale pa kwanza. Ilipendekezwa na Bi. Monicah na kuungwa mkono na Bi. Janeffer. Bi. Janeffer aliomba ieleweke kwamba anaunga mkono maandishi kusahihishwa. Kuhusu spidi yenyewe, yeye bado anajua alichokiona.

KUMB. NA. 3/06/2025: MAJARIBIO YA KWANZA MAJINI

Fundi Momanyi alikiri mbele ya kamati kwamba hajawahi kutengeneza pikipiki ya maji. Alisema ametengeneza mita za pikipiki za barabarani zaidi ya anazoweza kukumbuka, na kwamba chombo kikiwa na mita kuna kitu mahali fulani kinachohesabu mizunguko. Kazi yake ni kukitafuta. Kabla ya kufungua chochote, alitaka kwanza kujua mita inadanganya au inasema kweli. Alipendekeza pikipiki iingizwe majini, na mtu akae nyuma ya mwendeshaji na simu inayopima mwendo kwa setilaiti, ili namba za simu zilinganishwe na za mita.

Bw. Kipkurui alijitolea kukaa nyuma. Bi. Janeffer alipinga. Alisema aliyeangushwa ni yeye, na aliyekaa nyumbani wiki tano akiangalia chai yake ikikomaa shambani kwa kukosa wa kuichuma ni yeye.

"Simu nitashika mwenyewe," alisema. "Sitaki kusomewa na mtu."

Mwenyekiti alimwuliza kama haogopi, ukizingatia plasta ilitolewa juzi tu. Bi. Janeffer alijibu kwamba anaogopa sana.

Wanachama walihamia ukingoni saa tisa kasorobo. Bi. Janeffer alivalishwa jaketi la kuokolea, na simu ya Bi. Monicah ikafungwa ndani ya karatasi ya mkate ili isilowe. Bw. Ojwang alimwomba aseme yeye mwenyewe waondoke lini. Walikaa juu ya pikipiki bila kuondoka kwa muda unaokadiriwa kuwa dakika tatu, kisha Bi. Janeffer akainua mkono wake mzima.

Walizunguka mara nne katikati ya bwawa, mbali na chelezo. Kila mara Bw. Ojwang alitaja kwa sauti namba ya mita, na Bi. Janeffer akataja ya simu. Matokeo aliyoyasoma mwenyewe waliporudi ni haya: mita iliposoma tano, simu ilisoma kumi na moja, mita iliposoma nane, simu ilisoma kumi na tisa, mita iliposoma kumi na mbili, simu ilisoma ishirini na tisa. Walirudia hiyo ya kumi na mbili, na simu ikasoma ishirini na nane.

Bi. Janeffer alimrudishia Bi. Monicah simu yake. Alisema kwamba siku ile ya Mei aliona sawasawa, pikipiki ilikuwa inakwenda mbio. Kisha alisema Bw. Ojwang naye alisema sawasawa, mita ilimwonyesha kumi na mbili. Katibu aliuliza kama kuna jambo lingine kutoka majini linalopaswa kuandikwa, kwa sababu wanachama waliokuwa ukingoni waliona pikipiki ikisimama katikati kwa muda mrefu. Bi. Janeffer alisema waliongea mambo yao na hayana haja ya kuandikwa.

Bw. Kipkurui aliomba iandikwe kwamba hata hivyo mtu wa miaka mingi majini anapaswa kuujua mwendo bila kuangalia mita. Bw. Ojwang aliombwa kujibu. Wanachama walitazamia abishe, lakini hakubisha.

"Hilo ni kweli," alisema. "Siku ile upepo masikioni ulikuwa mwingi. Nilihisi. Nikaangalia mshale, nikaamini mshale."

Alimgeukia Bi. Janeffer na kumwambia kwamba kwa hilo anamwomba msamaha, kwa sababu hilo ni lake wala si la mita. Bi. Janeffer alisema amesikia.

KUMB. NA. 4/06/2025: KUFUNGULIWA KWA KIFAA NA MANENO YA MWENYEKITI

Pikipiki ilirudishwa juu ya trela yake na kuvutwa hadi bandani. Fundi Momanyi alilala chali chini yake na kueleza kila alichokiona, Katibu akiandika.

Alisema nyuma, upande wa chini, kuna kigurudumu kidogo cheusi cha plastiki chenye mapanga sita, ukubwa wa mfuniko wa chupa ya chai. Maji yakipita hukizungusha. Ndani yake mna sumaku, na mbele yake kuna jicho linalohesabu kila sumaku ikipita na kupeleka hesabu kwa waya hadi kwenye mita. Ili kujua kama jicho na waya ni vizima, alitoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu na kuipitisha mbele ya jicho haraka haraka. Bw. Ojwang, aliyekuwa ameshika ufunguo, alisema mshale unapanda vizuri. Fundi akasema basi ugonjwa uko kwenye kigurudumu.

Alichomoa pini na kukitoa. Kati ya mapanga sita, matatu yalikuwa yamekatika, na pini ilikuwa imepinda kiasi kwamba kigurudumu kilikuwa kinajikwaruza. Kwa maoni yake kilikuwa kinazunguka chini ya nusu ya ilivyotakiwa, ndiyo maana mita ilisoma chini ya nusu. Aliwaonyesha wanachama mkwaruzo mrefu kwenye sahani ya chini, wenye vumbi la saruji lililoganda ndani yake. Alisema magugu na matope hayawezi kufanya hivyo. Chombo kiliangushwa juu ya kitu kigumu nchi kavu.

Bw. Kipkurui alisema sasa ukweli unaonekana: mwendeshaji aliiangusha akanyamaza. Bw. Ojwang alijibu kwamba tangu alipoipokea tarehe 2 Mei haijawahi kutoka kwenye kibanda chake cha ukingoni, na kibanda hicho hakina saruji, kina udongo. Bw. Kipkurui alimwuliza aliipokea kutoka wapi. Bw. Ojwang alisema kila mwanakamati anajua ilikuwa imewekwa wapi yeye alipokwenda Homa Bay kumzika kaka yake.

 

Mwenyekiti alisimama. Alivua kofia na kuiweka juu ya mizani ya majani.

"Gordon hakuiangusha," alisema. "Ni mimi."

Mwenyekiti alieleza kwamba tarehe 28 Aprili, Bw. Ojwang akiwa mazishini, alitembelewa na wakwe zake kutoka Nairobi. Walikuwa wamesikia kuhusu pikipiki ya maji na walitaka kuiona. Aliivuta kwa trekta kutoka zizini kwake, ilikokuwa imehifadhiwa, hadi mbele ya nyumba, lakini hakuifunga kamba ya nyuma. Ilipopita kwenye kizingiti cha saruji cha josho la ng'ombe, iliteleza kutoka kwenye trela ikaangukia saruji. Waliinyanyua watu watano wakairudisha kwenye trela. Aliinama akaangalia tumbo lake akaona mkwaruzo, akajiambia ni rangi tu. Hakuiwasha.

Aliulizwa na Bi. Monicah kwa nini hakusema baada ya ajali. Alijibu kwamba siku ya ajali hakuliunganisha jambo hili na lile. Alikuja kuliunganisha kwenye kikao cha tarehe 10, wakati Bw. Ojwang alipoomba mita ikaguliwe. Alisema wakati ule alifungua mdomo aseme, kisha akakumbuka kwamba sheria ya mtu asiguse aliitunga yeye, na kwamba alishamtoza faini kijana wa jirani kwa kuikalia tu. Kikao kikaendelea. Kesho yake lilikuwa gumu zaidi kusema kuliko jana, na kesho kutwa likawa gumu zaidi ya hapo.

Alisema yeye na Bw. Ojwang wamekuwa wakikaa benchi moja kanisani tangu mwaka 1998. Watu walipoanza kuhama, yeye hakuhama. Alikuwa akijiambia kwamba kule kutohama ni msaada anaompa. Jumapili iliyopita Bw. Ojwang alimshukuru kwa hilo, na tangu siku hiyo hajalala vizuri.

Alimwomba Bw. Ojwang msamaha, kisha Bi. Janeffer, kisha kamati. Alisema anajiuzulu. Alitoka akakaa kwenye benchi la wachumaji karibu na mlango.

Bw. Ojwang alitoka nje. Alirudi baada ya kama dakika kumi. Aliulizwa kama ana la kusema, akasema mita bado haijatengenezwa na jua linakwenda.

KUMB. NA. 5/06/2025: KUKAIMU KITI

Bw. Kipkurui alihamia kiti cha mbele kama katiba inavyosema. Bi. Janeffer aliuliza kama ni sawa mtu aliyeshauri neno "alikiri" liandikwe, na ambaye mtoto wa kaka yake ameshapendekezwa mara mbili kuwa mwendeshaji badala ya Bw. Ojwang, aongoze uamuzi kuhusu Bw. Ojwang huyo huyo. Bw. Kipkurui alisema kijana huyo ana cheti cha kuogelea na hilo halikuwa siri. Bi. Janeffer alisema hajasema ni siri.

Bw. Kipkurui alirudi kwenye kiti chake. Bi. Monicah Nyaberi alichaguliwa kukaimu kwa shughuli zilizobaki. Bw. Kipkurui hakupinga wala hakuunga mkono.

KUMB. NA. 6/06/2025: KUTENGENEZWA KWA MITA

Kaimu Mwenyekiti aliuliza kigurudumu kipya kitapatikana wapi kabla ya tarehe 30. Fundi Momanyi alisema Merigi hakuna, Bomet hakuna, na hata Kericho anatilia shaka.

Bw. Ojwang alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kigurudumu chenye mapanga sita mazima. Alieleza kwamba wiki aliyosimamishwa alimwomba mpwa wake aliyeko Kisumu amtafutie kutoka kwenye pikipiki ya maji iliyokufa, kwa sababu alikuwa na hakika mita ni mbovu ingawa hakujua imeharibikaje. Amekuwa akitembea nacho tangu wakati huo. Kaimu Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakukileta mapema. Bw. Ojwang alijibu kwamba angekileta mapema, wangesema alikiharibu cha kwanza ili afiche kosa.

Hakuna aliyepinga maelezo hayo.

Tundu la kigurudumu hicho lilikuwa dogo kidogo. Fundi alilipanua kwa tupa ya mviringo, akilijaribu kila baada ya mikwaruzo michache. Pini iliyopinda aliitupa, akatengeneza nyingine kwa spoku nene ya pikipiki aliyoikata na kuilainisha. Alisafisha pia maungio ya waya yaliyokuwa na kutu ya kijani, akayapaka mafuta mazito na kuyafunga kwa utepe. Kabla ya kurudisha kila kitu alikipuliza kigurudumu kwa mdomo. Kilizunguka bila kelele na mshale ukatikisika. Kazi yote ilichukua saa moja na dakika tano. Mzee Kiptum ndiye aliyemshikia tochi muda wote, akiwa amepiga magoti kwenye maji yaliyochuruzika kutoka kwenye trela. Hakuna aliyemwagiza.

Majaribio ya pili yalifanyika saa kumi na moja, Bi. Janeffer akishika simu kama awali. Mita iliposoma kumi, simu ilisoma kumi. Mita iliposoma kumi na tano, simu ilisoma kumi na tano. Mita iliposoma thelathini na moja, simu ilisoma thelathini. Fundi Momanyi alisema hiyo moja iliyozidi waichukulie kama heshima kwa mita. Aliombwa aandike barua ya kuthibitisha kazi yake kwa ofisi ya maji, akakubali, mradi Katibu amsaidie lugha.

KUMB. NA. 7/06/2025: MWENDESHAJI

Kaimu Mwenyekiti alipendekeza Bw. Ojwang arudishwe kazini mara moja, na jina lake lipelekwe kwa ofisi ya maji kama mwendeshaji aliyekubaliwa na kamati. Bi. Janeffer aliunga mkono. Alisema yeye ndiye aliyevunjika mkono, kwa hiyo anadhani hakuna mwenye sababu ya kuogopa kuliko yeye.

Bw. Kipkurui aliomba iandikwe kwamba anakubali, lakini angependa mita ikaguliwe kwa simu kila mwezi, hata mwendeshaji awe nani. Bw. Ojwang alisema wazo hilo ni zuri na angelitoa mwenyewe. Lilipitishwa. Bw. Kipkurui aliteuliwa kuwa mkaguzi wa kila mwezi, ambayo itamlazimu kukaa nyuma ya Bw. Ojwang juu ya maji mara kumi na mbili kwa mwaka. Wote wawili walikubali bila kutazamana.

KUMB. NA. 8/06/2025: SUALA LA MZEE KIPTUM

Kaimu Mwenyekiti alisema barua ya kujiuzulu kwa mdomo si barua, ila kamati imesikia. Aliuliza wanachama wanaonaje.

Bw. Kipkurui alisema sheria ni msumeno, na mzee atozwe faini ileile aliyomtoza kijana wa jirani. Mzee Kiptum, kutoka kwenye benchi, alisema atalipa, na kijana arudishiwe yake.

Bi. Janeffer alisema faini haichumi chai. Alieleza kwamba shamba lake limekomaa kwa sababu mkono mmoja hauwezi, na vibarua wakati huu wa majani mengi hawapatikani. Alimgeukia Mzee Kiptum na kusema naye moja kwa moja.

"Mzee, mimi sitaki uache kiti. Kiti ni cha kamati, hayo wataamua. Mimi nataka uje unichumie majani. Wewe mwenyewe, sio mfanyakazi wako. Siku tatu kwa wiki, mpaka daktari aseme mkono umekuwa sawa."

Bi. Monicah aliuliza kama ni haki kumpa kazi hiyo mtu wa miaka sitini na tisa. Bi. Janeffer alijibu kwamba mama yake ana miaka sabini na miwili na ndiye amekuwa akichuma.

Mzee Kiptum aliulizwa kama anakubali. Alisema ana chai yake mwenyewe ya miaka arobaini lakini hajawahi kuichuma kwa mkono wake, na kwamba Bi. Janeffer asishangae akiwa polepole. Alikubali.

Bw. Ojwang aliulizwa kama naye ana jambo analotaka kutoka kwa Mzee Kiptum.  Alisema anataka kesho, karatasi iliyosahihishwa itakapobandikwa, Mzee asimame mbele ya watu baada ya ibada na aseme kwa mdomo wake aliyoyasema leo. Mzee alisema alikuwa ameshamwomba mchungaji nafasi hiyo asubuhi ya leo, kabla ya kikao.  Bw. Ojwang alisema basi hana lingine.

Iliamuliwa kwamba suala la kiti lipelekwe kwa mkutano mkuu wa wanachama mwezi Agosti. Hadi wakati huo Bi. Monicah ataendelea kukaimu.

KUMB. NA. 9/06/2025: KUFUNGA

Kwa kuwa hakukuwa na shughuli nyingine, na kwa kuwa ng'ombe walishaanza kuletwa kunywa maji, Kaimu Mwenyekiti alimwomba Bw. Ojwang afunge kwa maombi. Aliomba kwa Kidholuo, na waliokuwepo wakasema amina. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo jioni.

NYONGEZA YA KATIBU
(Imesomwa na kukubaliwa na Kaimu Mwenyekiti kabla ya sahihi)

Ofisi ya maji ilipokea barua ya fundi tarehe 17 Juni na kuruhusu chelezo liendelee.

Jumatano tarehe 18 Juni, Mzee Noah Kiptum alivuka bwawa kwa chelezo pamoja na wachumaji, kwa mara ya kwanza, akiwa na kikapu cha kukopa mgongoni. Bw. Ojwang aliwasindikiza kwa mwendo unaotakiwa. Saa saba mchana Mzee aliwasilisha majani kituoni kwa namba ya Bi. Janeffer. Bi. Monicah, akiwa karani wa zamu, alikataa zaidi ya nusu kwa sababu yalikuwa yamekomaa, akayamwaga kwenye sakafu ya kuchagulia kama afanyavyo kwa mkulima yeyote. Mzee alikaa chini kuyachagua. Bi. Janeffer alikaa karibu naye akimwonyesha kwa mkono wake mzima kinachotakiwa, majani mawili na chipukizi, hadi foleni yote ya wakulima ikaisha. Kilo zilizokubaliwa ni kumi na moja.

Wakati wa kuondoka Mzee aliuliza kama Ijumaa aje au wamwache. Bi. Janeffer alimwambia mkono bado haujapona.

IMETIWA SAHIHI:

Monicah Nyaberi, KAIMU MWENYEKITI .......................... Tarehe 19/06/2025

Moureen Chepchirchir, KATIBU .......................... Tarehe 19/06/2025